Mwisho Uliokusudiwa Warusi

Idella Croft alizaliwa Bellamy, mji wetu wa Iowa ulio kando ya mto Mississippi, katika chumba kilicho juu ya duka la kofia la mama yake. Watu wa siku hizi wakitajiwa jina lake hukumbuka vitabu, hasa kile chenye jalada jekundu. Lakini kabla ya vitabu alikuwa mtunzi wa hadithi za sinema, enzi zile sinema hazijaanza kusema, na mtunzi wa sinema hakuandikwa jina popote. Watu walidhani picha huota zenyewe kama uyoga.

Mama yake, Philena, alikuwa mshona kofia, tena si wa kubahatisha. Ukivaa kofia ya Bi Croft kanisani, mchungaji mwenyewe alipotewa na mstari aliokuwa akisoma. Alikuwa mwanamke mrefu, mgumu wa kutoa maneno, na hakuna aliyewahi kumwona nje ya nyumba yake akiwa kichwa wazi. Mji mzima ulimjua kuwa ni mjane. Mumewe, Asa, alikwenda Colorado kuchimba madini ya fedha, na baadaye Bi Croft akatangaza kwamba mgodi umemwangukia. Basi mji ukamlilia marehemu. Kanisa la Methodisti likafanya ibada, majirani wakaleta keki na kuku wa kuoka, naye Bi Croft akavaa nguo nyeusi mwaka mzima, tena nyeusi iliyokatwa vizuri hata wenye waume wakamwonea kijicho.

Ukweli waliujua watu wawili tu, mama na mtoto. Asa hakuangukiwa na mgodi wala jiwe. Alinyamaza tu, akaacha kuandika, kama mtu aliyesahau mwavuli mahali na haoni sababu ya kuurudia. Philena alichoka kuulizwa kila akienda posta, "Vipi, mwenzangu, ameandika?" Akaona afadhali mji umzike mumewe kuliko umcheke yeye.

Halafu huyo Asa akarudi. Ilikuwa siku ya maonyesho ya wilaya, watu wote wako uwanjani wakitazama nguruwe walionona na mashindano ya jemu. Idella alikuwa na miaka saba, ana surua, amelazwa kwenye godoro dogo nyuma ya kaunta ya duka, katikati ya maboksi ya kofia. Alisikia kengele ya mlango, kisha sauti ya mwanamume: "Philena, nimerudi." Sauti ikasema tena, "Walau kofia yangu." Maana kofia yake ya Jumapili, ya sufu ya kahawia, ilikuwa bado imetundikwa kwenye msumari pembeni ya mlango. Mtoto alichungulia, akaona viatu vyenye vumbi, akaona gauni la mama yake. Homa ikamzidi akajifunika. Alipochungulia tena mlango umefungwa, na mama yake yuko kwenye kiti chake anashona utepe kana kwamba aliyekuja ni muuza sindano.

Hawakulizungumza jambo lile siku ile, wala mwaka ule, wala baadaye.

Idella alipokua alipata kazi ya kupiga piano katika jumba la sinema la Otto Diekmann, ambalo zamani lilikuwa ghala la chakula cha mifugo, na siku za mvua lilinuka shayiri. Picha ikienda mbio, naye hupiga mbio. Wapenzi wakikumbatiana, hupiga polepole. Lakini ukikaa chini ya pazia la sinema jioni baada ya jioni, unachoka kudanganywa kwa namna ile ile.

"Hata mimi ningeweza kutunga upuuzi huu," akamwambia Otto.

"Basi tunga, nani amekushika mkono?" Otto akajibu. "Ila piano usiniachie kabla ya Krismasi."

Akatunga, akatuma kwa posta, zikarudi. Akatunga tena. Mwishowe kampuni moja ya California, ikiitwa Larkspur, ikanunua moja, kisha nyingine, kisha ikamwita aje mwenyewe. Bi Croft alimsindikiza stesheni amevaa kofia yenye bawa zima la bata maji.

"Huko California kuna nini?"

"Kuna jua, mama. Wanapiga picha mwaka mzima."

"Jua hata hapa lipo." Akamwekea binti yake kofia sawasawa, akaingiza pini. "Usiivue. Watu wasiovaa kofia hawaaminiki."

Larkspur ilikuwa na uwanja wake pale Edendale, Los Angeles. Nyumba za kuigizia hazikuwa na mapaa, juu yake walitandika mashuka meupe kupunguza jua, na upepo ukivuma sebule ya tajiri ilipepesuka kama nguo kwenye kamba. Meneja aliitwa Mortimer Gage, mtu mnene, mchangamfu, asiyesoma kitu kirefu kuliko kiganja chake.

"Dada Idella! Nataka hadithi ya moto kabla ya Ijumaa."

"Ya moto wa mapenzi?"

"Ya moto wa kuunguza. Nimenunua jumba bovu, Jumamosi tunalichoma. Nitafutie mtu wa kuokolewa humo ndani."

Ndivyo kazi ilivyokuwa. Wakipata treni, anatunga ya treni. Mwigizaji akivunjika mguu, shujaa katika hadithi naye huvunjika mguu. Idella alikuwa mwepesi, tena mcheshi, na hakulalamika, isipokuwa kwa jambo moja: miisho. Gage alitaka kila picha imalizike kwa busu getini. Hata kama mume ni mlevi na mwizi, akirudi getini mwanamke lazima amkimbilie.

Kwa upande wa pili, picha hizo hizo ziliuzwa Urusi, na wauzaji wa huko walisema watu wao hawalipii busu, wanalipia kilio. Kwa hiyo kila picha nzuri ilitengenezewa miisho miwili. Asubuhi mwongozaji mkuu anapiga picha ya busu la Wamarekani. Mchana anakwenda kula samaki, na mwisho wa Warusi unaachiwa mtunzi na mpiga picha waumalize wao kwa wao, maana hakuna mtu ofisini aliyeutazama. Ulikatwa, ukaunganishwa na nakala ya picha nzima, ukatiwa kwenye mikebe yenye alama nyekundu, ukapelekwa bandarini.

"Uwe wa namna gani?" Idella aliuliza mara ya kwanza.

"Ua mtu," Gage akamwambia. "Yeyote unayemtaka."

Majira ya kuchipua, miezi michache kabla vita vya Ulaya havijazuka, Idella alitunga hadithi ya mwanamke mwenye duka la kofia aliyekimbiwa na mume. Hakukusudia kumsema mama yake, au ndivyo alivyojiambia. Alitaka tu duka analolijua. Lakini mafundi walipomuuliza mlango uwe rangi gani, akasema kijani kibichi. Kengele iwe wapi? Juu kushoto. Na msumari? Pembeni ya mlango, na kofia ya sufu. Duka likasimama pale uwanjani kama limeng'olewa Bellamy na kusafirishwa kwa reli.

Asubuhi wakapiga picha ya busu. Mchana mwongozaji akaenda kula samaki. Mwigizaji, bibi mmoja mstahimilivu, alikuwa tayari kufa kwa kifua kikuu, amejipaka unga usoni.

"Futa unga," Idella akamwambia. "Hufi leo. Mumeo anabisha hodi, unamtazama, unachukua kofia yake kwenye msumari, unampa, unafunga mlango. Basi."

"Silii?"

"Hulii."

"Mwenzangu," akasema yule bibi, akijifuta, "miaka yote hii nafanya kazi hii, leo ndiyo nimepewa kitu ambacho ningekifanya kweli."

Kitengo cha kuunganisha mikanda kilikuwa cha wanawake watupu, wakitumia mkasi na gundi, na mkubwa wao aliitwa Verna Stahl, shoga yake Idella, mwenye vidole vilivyonuka gundi hata siku ya harusi yake. Aliinua ule mkanda kwenye taa akautazama.

"Maiti iko wapi? Bwana Gage alisema Warusi wanataka maiti."

"Ndoa imekufa. Haitoshi?"

Verna akaangua kicheko. "Haya, nitauunganisha. Warusi hawanijui kwa sura."

Ikawa hivyo. Idella alilala vizuri. Ukweli wa mlango ule aliutoa kifuani, ukapanda meli kwenda kwa watu wasiomjua Philena Croft wala hawatamjua.

Lakini ile meli haikuondoka. Vita vikazuka, bahari ikafungwa, na mikebe yenye alama nyekundu ikarudishwa stoo ikajaa vumbi. Kisha miji midogo ya ndani, ambayo haikuwa imewahi kupata picha mpya, ikaanza kuagiza kwa wingi. Mtu wa stoo akaona mikebe imekaa bure. Picha ni ile ile, jina ni lile lile. Akafuta alama nyekundu kwa kitambaa chenye mafuta.

Verna ndiye aliyemletea habari, wakila mkate na mayai kwenye ngazi za kitengo.

"Umesikia? Warusi wako wamehamia Iowa."

"Warusi gani?"

"Mikebe myekundu, shoga. Yote imepakiwa. Davenport, Muscatine... na kuna kamji fulani, Bellamy. Si ndiyo kwenu? Mwenye jumba ameandika anaitaka hiyo ya kofia hasa, eti mtunzi ni binti wa pale." Verna akaacha kutafuna. "Idella? Mbona umekuwa hivyo?"

Idella alikuwa ameweka mkate chini. Kwa mawazo alimwona mama yake amekaa katikati ya mji mzima, mlango wake wa kijani umetundikwa mbele ya macho ya watu waliomletea kuku wa kuoka, na marehemu anaingia kwa miguu yake.

Gage angeweza kupiga simu ya maandishi kuzuia picha. Idella akaenda mpaka ofisini kwake, akamweleza yote, mlango, msumari, maiti isiyokuwepo. Gage alimsikiliza kinywa wazi, kisha akamfukuza kazi kwa kuharibu mkanda wa kampuni. Picha hakuizuia. Alisema tiketi zikishauzwa zimeuzwa. Idella akapanda treni siku ile ile.

Alifika Bellamy mchana wa siku ya onyesho. Otto Diekmann alikuwa ameazima viti vya kanisa na anavipanga kwa safu.

"Huyo huyo! Mtunzi wetu!" Otto akampokea kwa mikono miwili. "Mama yako ametangaza mpaka ng'ambo ya mto. Bi Tackett amefunga duka lake la nyama."

"Otto, nakuomba. Usiionyeshe."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Onyesha nyingine yoyote."

"Binti, nikionyesha nyingine Bi Tackett atanikata kwa shoka lake la mifupa. Mwombe mama yako. Yeye akisema tusionyeshe, hatuonyeshi."

Basi akaenda dukani. Kengele ikalia juu kushoto. Bi Croft alikuwa na pini mdomoni, anabandika manyoya ya bawa kwenye kofia kubwa kama sinia. Alimtazama binti yake juu mpaka chini, akatoa pini moja moja.

"Umekonda. Kofia umeivua wapi?"

"Mama, usiende usiku huu."

"Kwa nini? Picha mbaya?"

"Nilidhani inakwenda Urusi." Idella akakaa kwenye boksi kama mtoto. "Mama, mle ndani yupo baba."

Bi Croft akaziweka pini kauntani. Kisha akasema, "Uliona?"

"Niliona."

"Mimi nilidhani umelala. Surua ilikuwa imekushika." Akageuza kofia mkononi, akaitazama upande wa pili kama anayetafuta uzi uliolegea. "Kwenye hiyo picha yako. Anaingia, au haingii?"

"Haingii."

Bi Croft akarudisha pini mdomoni, akamaliza unyoya uliobaki. Kisha akaenda kwenye kioo akaivaa ile kofia, kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Twende tukawahi viti," akasema. "Bi Tackett anapenda kukaa nyuma yangu ili apate la kulalamikia."

Ilikuwa kawaida, kabla ya picha kuanza, Otto kuangaza maandishi kwenye pazia: AKINA MAMA, TAFADHALI VUENI KOFIA. Wanawake wote walizivua wakazipakata. Bi Croft hakuwahi kuvua, na ukumbi mzima ulishazoea. Otto alimwomba mara ya kwanza, akaambiwa kwamba anayemtaka mshona kofia avue kofia na amtake mwokaji asile mkate.

"Bi Croft," Bi Tackett akaanza pale nyuma, "hilo bawa lako linanizibia nusu ya pazia."

"Tazama hiyo nusu nyingine."

Watu wakacheka, taa zikazimwa. Binti mpya wa piano akaanza. Na mara ukatokea ule mlango wa kijani, ingawa kwenye pazia ulikuwa wa kijivu, na kengele, na kofia kwenye msumari. Ukumbi ukavuma. "Ni duka la Bi Croft!" "Tazama hata kaunta!" Wakapiga makofi. Bi Croft akainamisha kichwa kidogo, kama malkia anayesalimiwa, na bawa likayumba.

Mume akaondoka kwenye picha. Mke akasubiri, akaenda posta, akarudi mikono mitupu. Kicheko kikaanza kupungua. Akavaa nyeusi. Hapo hakuna aliyecheka tena. Idella alikuwa ameshika kingo za kiti kwa mikono miwili.

Kisha mlangoni akasimama mwanamume, viatu vina vumbi.

Ile mashine ya Otto ya kuonyeshea picha ikasikika kama cherehani. Binti wa piano aliacha kupiga, hakujua apige nini. Bi Tackett, ambaye kunong'ona hakukujua, akanong'ona:

"Philena. Si Asa alikufa?"

Vichwa vikageuka, safu baada ya safu. Waliomletea keki, waliomwombea, mchungaji, mke wa karani wa posta, wote wakaacha pazia wakamtazama yeye.

Bi Croft akainua mikono yake miwili. Akaivuta ile pini ndefu polepole, akaivua kofia, akaipakata. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe, na mji haukuwa umejua.

"Mnatazama nini huku?" akasema, si kwa sauti kubwa. "Picha iko mbele. Nimewavulia kofia, tazameni vizuri."

Wakageuka. Wakamwona mwanamke wa kwenye picha anachukua kofia msumarini, anampa yule mwanamume, anaupigiza mlango. Pazia likawa jeupe.

Bi Tackett ndiye aliyeanza. Alipiga makofi kwa mikono ile ya kukatia nyama, na wanawake wakafuata, na wanaume wakafuata wanawake, wengine wakiangalia kwanza kama wake zao wanawatazama.

Mama na binti wakarudi nyumbani kwa miguu. Bi Croft alibeba kofia mkononi njia nzima.

"Nisamehe, mama."

"Umekosea mambo mawili," akasema Bi Croft. "Yule mwanamke wako ameupigiza mlango. Mimi sikuupigiza. Niliufunga polepole, nimeishika kengele isilie, maana mtoto wangu alikuwa mgonjwa amelala. Nilivyodhani."

Idella akapunguza mwendo.

"Na kofia sikumpa."

"Hukumpa? Lakini haikuwepo tena pale msumarini."

"Aliondoka kichwa wazi. Wiki ile ile niliichambua, nikaitia mvuke, nikaikata upya. Huikumbuki ile kofia yako ya shule, ya kahawia, yenye masikio ya kuzuia baridi? Uliivaa mpaka ikawa haikuingii. Nilisema, kama kuna kitu cha mtu huyu kitakachotufaa nyumbani, ni hicho."

Idella alisimama njiani akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, na mama yake akamsubiri amalize vyote viwili.

Hakurudi California mwaka ule. Alikaa chumba cha juu ya duka akaandika kitabu, kile chekundu, kuhusu mwanamke na kofia ya sufu, maana kwenye kitabu hakuna mtu wa stoo wala meneja, na mwisho unabaki pale ulipouweka. Baadaye kampuni nyingine ilimwita, akaenda, akatunga picha nyingi, na safari hiyo kwa sharti kwamba jina lake litangulie kwenye pazia. Picha zilipoanza kusema wakaletwa watunzi wa kiume kutoka New York, naye akarudi Bellamy na vitabu vyake, wala hakununa sana. Alisema amepumzika kusikia habari za kuchoma majumba Jumamosi.

Kitabu kile cha kwanza kilipofika, Bi Croft alikisoma dukani, amekaa kwenye kiti chake, wateja wakimsubiri. Alipomaliza alisema tu kwamba sufu haitiwi mvuke muda mrefu kiasi kile, itaganda. Kisha akakifungua akakisimamisha dirishani, kwenye kile kichwa cha mbao cha katikati, mahali ambapo siku zote aliweka kofia yake bora. Kilikaa hapo mpaka jua likabadilisha jalada rangi, na Bi Tackett akija kununua kofia alikuwa bado anauliza, "Na ile yenye masikio, Philena, unaweza kunitengenezea?"